Tupeane uzoefu: uanaume na uanamke, tunazaliwa nao au tunafundishwa?

Wadau, nina mapacha, wa kike na wa kiume, midoli wanachangia, nguo wanachangia, lakini wageni wakija wa kiume anarushwa juu na kuitwa jembe, wa kike anaambiwa kapendeza atulie asichafuke, na hapo hata kuongea walikuwa hawajaanza. Sikatai baiolojia. Kwenye wiki ya 6 au 7 ya mimba ile jeni ya SRY kwenye kromosomu Y (ile ambayo kwa kawaida wanayo wa kiume) inaanzisha korodani, na testosteroni, homoni ya kiume, inatoka kabla mtoto hajazaliwa. Ila jeni ya kuosha vyombo haipo jamani.

Na wanaosema malezi ndo kila kitu wasome habari za David Reimer wa Canada. Alizaliwa 1965, naye pacha, tohara ikamharibu uume akiwa mchanga, mwanasaikolojia John Money akawashauri wazazi wamlee kama msichana, kisha akatangaza kuwa malezi hayo yamefanikiwa wakati mtoto mwenyewe anateseka. Alipoambiwa ukweli akiwa na miaka 14 aliamua kuishi kama mvulana. 2004 akajitoa uhai. Inaniuma sana hii, hakuna aliyemuuliza mtoto.

Leteni yenu.

Mwalimu wa chekechea:
Kwangu watoto wa miaka 3 wanajua kabisa "mi mvulana", na wanabanana wenyewe kuliko tunavyowabana sisi. Kuna mmoja alipenda kubeba mdoli, wenzie wakamwambia hiyo ya wasichana, akaacha siku hiyohiyo. Baadaye mwalimu mwenzangu wa kiume akawa anakaa chini anamlisha mdoli bila kusema lolote, basi wavulana wakaanza kusogea mmoja mmoja. Watoto wanamwangalia anayefanana nao anafanya nini, maneno yetu wala hawayasikii.

Dada mmoja:
Mi nilizaliwa na tatizo la tezi za adrenali, zile za juu ya figo, nikiwa tumboni mwili ulitengeneza homoni za kiume nyingi kuliko kawaida. Utotoni ni magari na kupanda miti tu, na daktari alisema wasichana wengi wa aina yetu wanapenda michezo hiyo. Lakini kwamba mi ni mwanamke sijawahi kuwa na shaka hata siku moja, kwa hiyo msichanganye unachopenda na wewe ni nani.

Baba mlezi:
Mke wangu aliumwa muda mrefu, mtoto nikabaki naye mimi, usiku nikawa naamka kabla hajalia. Kuna utafiti wa Ufilipino wa 2011, wanaume wakipata watoto testosteroni inashuka, na wanaotumia muda mwingi kulea wanakuwa nayo chini zaidi. Yaani hata kazi unayoifanya inaugusa mwili, haiendi upande mmoja tu.

Mleta mada:
Baba mlezi hapo umenigusa. Kina baba wengine mliolea wenyewe, kilianza kubadilika nini kwenu, hisia au mazoea?