Kuanza mashindano ya pikipiki ya mstari mnyoofu: nianze na nini nikiwa Mtwara?

Kijana wa Mikindani ameuliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 24, naishi Mikindani, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiendesha bodaboda ya Boxer 150 kati ya hapa na Mtwara mjini. Tangu nilipoanza kutazama video za uwanja wa Santa Pod wa kule Uingereza, ambako pikipiki mbili husimamishwa sambamba na kukimbizana mita 402 bila kona hata moja, mchezo huu umeniingia mwilini. Msimu wa korosho uliopita uliniwezesha kuweka akiba ya shilingi 900,000. Fundi mmoja amenishauri niitumie kutoboa ekzosi na kupanua silinda, na rafiki yangu anasema niuze Boxer ninunue pikipiki ya cc 250. Wenzangu wanataka tufanye mazoezi barabarani usiku wa manane, jambo ambalo nalisitia. Naomba pia kueleweshwa jinsi mshindi anavyopatikana, kwa kuwa nimeona zaidi ya mara moja mwenye muda mrefu akitangazwa kuwa ameshinda.

Fundi wa Chikongola amejibu:

Mdogo wangu, hiyo laki tisa iache ilipo kwanza. Aliyekushauri utoboe ekzosi anakuuzia kelele, na kupanua silinda ya pikipiki inayokulisha kila siku ni kujitafutia siku za kutembea kwa miguu. Injini yako ina nguvu za farasi zipatazo 12, nazo zinatosha kabisa kwa mtu anayejifunza, kwa sababu kinachompotezea muda mgeni wa mchezo huu ni mita chache za mwanzo, pale anapoachia klachi. Viwanja vyenye vipimo kamili hupima mita 18 za kwanza peke yake, maana kinachopotea pale hakirudi, na kwa kawaida huwa kimeongezeka kufikia mwisho wa njia.

Jifunze mahali klachi yako inapoanza kushika. Kaa na gia ya kwanza, ongeza mafuta kidogo na kwa kiwango kilekile, kisha achia taratibu mpaka usikie pikipiki inainama mbele kidogo kama mbuzi anayetaka kuruka. Hapo ndipo pa kuanzia. Usiilazimishe kwa kuvuta mafuta mengi huku klachi imeshikwa nusu, kwani mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea pleti ya klachi nyeusi kama kikaango cha mihogo, na harufu yake ilikaa karakana siku nzima.

Ukitaka kubadilisha kitu, badilisha sproketi, yaani gurudumu la meno linalobeba cheni. Kama ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42, tairi linazunguka mara moja kwa kila mizunguko mitatu ya sproketi ya mbele. Ukifunga ya meno 13 mbele, uwiano unafika 3.23, ambao ni karibu sawa na kuongeza meno matatu nyuma, na pikipiki itaondoka kwa haraka zaidi ingawa mwendo wa juu utapungua. Hakikisha urefu wa cheni baada ya hapo.

Mshika Saa, Lindi amejibu:

Namheshimu Fundi, lakini kwa suala la sproketi nasema asubiri. Mtu ambaye hajawahi kujipima hawezi kujua kama alichokibadilisha kimemsaidia. Akimbie kwanza mara ishirini na pikipiki ikiwa kama ilivyo, aandike kila muda kwenye daftari, ndipo aguse spana.

Kuhusu mshindi, mkanganyiko wako una sababu. Katika mpangilio wa kawaida wa waanzao, taa tatu za njano huwaka moja baada ya nyingine kwa tofauti ya nusu sekunde, kisha kijani. Anayeondoka mapema huwashiwa nyekundu. Saa ya mkimbiaji haianzi kijani kinapowaka, bali tairi lake la mbele linapoondoka kwenye mwali wa mwanga ulio kwenye mstari wa kuanzia. Muda alioutumia kushtuka hupimwa kando. Tuseme wa kwanza ameshtuka kwa sekunde 0.15 na kukimbia kwa 13.40, ilhali wa pili ameshtuka kwa 0.40 na kukimbia kwa 13.25. Wa pili ana pikipiki yenye kasi zaidi, ila wa kwanza amefika mbele kwa sehemu ya kumi ya sekunde.

Upo pia utaratibu unaokufaa wewe zaidi, ambao kila mmoja hutangaza mapema muda anaotarajia. Boxer ikitangaza sekunde 13.4 kwa mita 201, yaani nusu ya zile 402, na ile ya cc 250 ikatangaza 10.9, Boxer huruhusiwa kuondoka sekunde 2.5 kabla ya mwenzake. Anayekimbia chini ya muda aliotangaza hupoteza, hivyo kudanganya hakulipi. Kwa utaratibu huo, mwenye pikipiki ndogo anayerudia muda uleule kila mara humshinda mwenye pikipiki kubwa asiyejijua, na ndiyo maana sioni sababu ya kuuza.

Mama wa Shangani amejibu:

Mwanangu, kusita kwako kuhusu barabara ni kwa busara, nami naomba usiache kusita. Kushindana mwendo katika barabara ya umma bila kibali ni kosa kisheria, na usiku kuna mbuzi, kuna watoto wanaotumwa dukani, na kuna mchanga unaopeperushwa na upepo mpaka kwenye lami, ambao taa ya pikipiki haiuonyeshi. Kutoka katika akiba yako nunua kofia ngumu inayofunika uso wote na yenye kamba inayofunga, koti nene, glavu, na viatu vinavyopita kifundo cha mguu. Nimeona wengi wanaopanda na kandambili, na nimewaona baadaye.

Mkazi wa Nachingwea amejibu:

Naongezea kuhusu mahali. Huo uwanja wa Santa Pod unaoutazama ulikuwa uwanja wa ndege za kivita wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mchezo wenyewe kwa sehemu kubwa ulikulia kwenye viwanja vya namna hiyo vilivyobaki bila kazi, kwa sababu lami ni ndefu, imenyooka na haina watu. Huku kwetu viwanja vya ndege vina wenyewe, kwa hiyo kuingia kwa kificho hakufai. Kundi linaloandika barua na kueleza usalama wake lina nafasi ya kusikilizwa. Mnapoomba, kumbukeni sehemu ya kusimamia. Mita 201 za kukimbia zinahitaji angalau nyingine kama hizo za kupunguza mwendo, maana kwa kilomita 90 kwa saa unapita mita 25 kila sekunde. Kimbieni asubuhi, kwani hewa ya jua kali ni nyepesi na injini hupungukiwa nguvu. Bahati yenu ni kwamba mko usawa wa bahari, ambako hewa ni nzito zaidi. Wenzetu wanaokimbia uwanda wa juu wa Johannesburg hawana faida hiyo.

Kijana wa Mikindani amejibu:

Nawashukuru wote, Mama, shikamoo. Sproketi nimeiacha kwanza. Mwenye ghala moja la korosho aliniruhusu kutumia uwanja wake wa saruji siku ya Jumapili, nikapima mita 18 kwa kamba na kuchora mistari miwili kwa mkaa, kisha mdogo wangu akarekodi kwa simu inayochukua picha 240 kwa sekunde, nasi tukazihesabu jioni. Katika mara kumi na mbili, bora ilikuwa sekunde 2.8 na mbaya kupita zote 3.5, na hizo mbaya karibu zote zilitokea nilipoangalia mkono wa mdogo wangu badala ya kusikiliza klachi. Mara ya tisa ilianza kunuka, nikaipumzisha kwa muda. Fundi, nitaileta Jumamosi asubuhi uiangalie pleti kabla sijaingia kijiweni.