Wa tours acheni kutupiga kule Kalambo, historia ipo kibao mnatusimulia hadithi za kutunga!!

Wakuu habari zenu, nimetoka maporomoko ya Kalambo kule Rukwa na hasira hazijaisha. Tangazo walilotupia kwenye grupu la WhatsApp lilisema safari ya "historia na simulizi za wenyeji", tukalipa, tukatoka Sumbawanga tukapitia Matai, vumbi mpaka kwenye meno ila hilo silalamikii. Maporomoko yenyewe sina neno, maji yanadondoka mita kama 235 kwa mkupuo mmoja, ukichungulia magoti yanalegea.

Sasa huyo muongozaji. Kasimama kayapa maji mgongo, simu mkononi, ANASOMA. Eti binti mfalme na kijana maskini walikatazwa kuoana wakajirusha. Nikamuuliza mfalme gani, wa Wafipa au wa Walungu, makabila ya kule, enzi zipi? Akanijibu "bro we enjoi tu mandhari". Kisa hichohicho nilishasimuliwa kwenye maporomoko mengine, wamebadilisha jina la mto tu!

Nikauliza yale magogo je? Juu kidogo ya maporomoko watafiti walifukua miti miwili imelaliana, mmoja umechongwa pengo ukae vizuri juu ya mwenzake, ilihifadhika sababu ilifukiwa kwenye mchanga wenye maji. Matokeo yakatangazwa 2023, umri wake miaka kama 476,000, yaani binadamu wa aina yetu hata hajatokea na mtu kashaunganisha mbao! Akasema hayo ni ya Zambia hayatuhusu. Hayatuhusu vipi na mto ndio mpaka wenyewe, kwani miaka hiyo Zambia ilikuwepo?

Na mkitaka simulizi Ufipa imejaa. Kuna Ntatakwa, mfalme wa kwanza wa Wafipa pale Milansi, aliyeshuka kutoka mbinguni, kuna wale wanawake wageni waliofika mfalme akiwa mawindoni wakakikalia kiti chake mpaka utawala ukahamia kwao. Hiyo haikutoshi mpaka uokote ya kwenye simu?

Kilichoniuma zaidi, njiani kulikuwa na mzee mmoja kapumzika na mzigo wake wa kuni, nikampa shikamoo tukaanza maongezi, akanieleza habari za malungu, yale matanuru ya udongo marefu kuliko mtu ambayo mababu waliyeyushia chuma, yanavuta hewa yenyewe bila mivukuto, anaonyesha na mikono kabisa pale chini matundu ya kuingizia hewa yalivyokaa. Ndo dereva anapiga honi eti muda umeisha, wakati saa nzima imeenda kwenye kupiga selfi na spika limefunguliwa mpaka mwisho! Kwanini mzee kama yule asilipwe yeye hiyo hela ya kutuongoza??

Nimewaandikia wanirudishie sehemu ya hela yangu maana walichotangaza sikukipata, naona tiki za bluu tu jibu hakuna. Mwenye kujua mteja anaanzia wapi kudai kitu kama hiki aniambie hapahapa, risiti na screenshot za tangazo ninazo zote.