Ati telefone yangu ni «ya kuuzia makala», haya makaa ya kupikia! Mbele ya wageni!

MamaWaKatuba:
Bandugu, natoka kazini sasa hivi na moto bado unaniwaka. Jina sitaji, wote mnamjua. Ni yule wa informatiki wa ofisi yetu kule mjini, anayetembea na funguo shingoni utadhani mlango wa mbinguni ameachiwa yeye.

Nimempelekea simu aniwekee imeili ya kazi, basi. Ameishika kwa vidole viwili, akaiinua juu, mbele ya shefu, mbele ya wageni, mbele ya wale stajieri wanaojifunza kazi: «Mama, hii ni telefone ya kuuzia makala.» Wakacheka mpaka sentineli akaacha geti kuja kuuliza nani anafunga ndoa.

Na imeili hakuweka! Ameandika anwani, ameandika neno la siri, simu ikajibu «mot de passe incorrect», neno la siri si sahihi. Ati nimelisahau. Neno hilohilo nimeliandika kwenye kompyuta mbele ya macho yake, ikafunguka. Samahani hakuna. Mama yangu aliuza makala Katuba, hapa Lubumbashi, akanisomesha mpaka nikakaa kwenye kiti hiki. Leo makala ni tusi? Mbele ya wageni?

KijanaWaRuashi:
Pole mama. Lakini weka picha ya hiyo simu kwanza tuone.

MamaWaKatuba:
Picha ya nini? Inapiga, inapokea, ina WhatsApp. Nimesema AMEIINUA JUU!

FundiKampemba:
Mama, neno lako la siri halina kosa. Kama imeili yenu iko kwa Microsoft, Oktoba 2022 walianza kufunga ile njia ya zamani ya kuingia kwa jina na neno la siri peke yake. Programu ya zamani ya barua haijui njia mpya, kwa hiyo inakuambia neno si sahihi. Weka programu ya Outlook, ukurasa wa kuingilia utafunguka wenyewe. Kama ni seva yenu wenyewe, kompyuta ya ofisi inayotunza barua: chagua IMAP, njia inayoacha barua kwenye seva, porti 993 na ulinzi wa SSL, kutuma ni 587 au 465. Ile njia nyingine, POP, achana nayo, mara nyingi inashusha barua kwenye simu na kuzifuta kwenye seva, halafu kwenye kompyuta huzioni tena.

MamaWaKatuba:
Kumbe hajui kazi! Hajui, na bado amenitukana mbele ya wageni!

YayaWaKenya:
Shukuru hakuiweka. Wa kwetu aliniwekea, simu ikaomba nikubali «administrateur de l'appareil», yaani msimamizi wa simu, nikabonyeza tu. Siku nimeacha kazi wakafuta simu nzima kutoka huko huko ofisini. Picha za ubatizo wa mtoto wangu, zote! Na njo ilikuwa imeandikwa pale kwamba wanaweza kufuta kila kitu. Nani anasoma?

FundiKampemba:
Yaya, ungeomba wasifu wa kazi wa Android, sehemu ya simu iliyotengwa kwa mambo ya ofisi. Wakifuta, inaondoka sehemu ya kazi tu.

YayaWaKenya:
Sasa unaniambia leo?

PapaBelAir:
Nyinyi mna imeili. Kwetu shefu anatuma kazi WhatsApp usiku wa manane, sauti ndefu ndefu, asubuhi anauliza kwa nini hukujibu. Mega za intaneti ananunua nani?

KijanaWaRuashi:
Papa, usiseme mega. Nimenunua za wiki nzima, nikalala, nimeamka hakuna kitu. Nilikuwa nimelala!

MamaWaKatuba:
Jamani, mimi nimeaibishwa mbele ya...

YayaWaKenya:
Kijana, wewe angalau simu yako inawaka. Huku kwetu umeme umekatika tena, nachaji kwa jirani mwenye jenereta, na kila siku anapandisha bei.

PapaBelAir:
Jirani yako anazima saa ngapi? Wangu anaiwasha usiku kucha chini ya dirisha langu, na moshi wote unaingia chumbani.

KijanaWaRuashi:
Papa, angalau umekaribishwa kuchaji bure?

PapaBelAir:
Bure? Analipisha hata mimi!