Bei ya kahawa ikianguka, mnywaji wa nyumbani hahusiki?

Wadau, kila bei ya kahawa inaposhuka katika soko la dunia naisikia hoja hii: bei inapangwa na wingi wa mavuno, anayejipikia kikombe chake nyumbani hana lake. Mimi nasema analo. Anayepinga aje na hoja.

Wingi una nguvu, sikatai. Mwaka 1989 mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, yaani kikomo cha kahawa ambayo kila nchi iliruhusiwa kuuza nje, ulivunjika, Vietnam ikapanda hadi nafasi ya pili kwa uzalishaji nyuma ya Brazil, na kufikia 2001 wastani wa bei ya dunia ulikuwa chini ya senti 50 za dola kwa ratili (karibu nusu kilo). Mwaka 2019 arabika, mojawapo ya aina kuu za kahawa, ilishuka tena chini ya dola 1. Sasa pigeni hesabu. Ratili ya buni mbichi, ikishakaangwa na kupungua uzito, hutoa vikombe kama 30. Kwa bei ya dola 1, buni iliyomo kikombeni ni senti 3 hivi! Bei hata ikikatwa nusu, mfuko wa mnywaji hausikii. Wa mkulima unasikia.

Na kikombe nacho kinasikia. Matunda ya kahawa hayaivi kwa pamoja, kwa hiyo anayetaka mekundu tupu hulipa vibarua wapite mti uleule mara tatu, nne. Bei ikianguka hana cha kuwalipa, anakwangua tawi zima, changa na mbivu. Mwage kahawa yako iliyokaangwa kwenye sahani nyeupe uone: zile punje zilizopauka katikati ya za kahawia ndizo changa. Tafuna moja. Ni kama karanga iliyochina.

Ndiyo maana nasisitiza kupika vizuri. Nunua punje nzima, saga muda huohuo, gramu 60 kwa lita, maji yaliyotoka kuchemka yakatulia kidogo. Ukiipika hivyo, kahawa mbovu haina pa kujificha, na utaacha kuinunua. Anayechemsha unga wa zamani na kuuzamisha kwenye sukari hawezi kutofautisha, basi muuzaji amlipie nani mkulima bei ya ubora?

Najua mtasema ladha ya watu wachache haiwezi kushindana na ghala zilizojaa, na kwamba dawa ni kurudisha mgao. Haya, mgao ulikuwepo miaka mingi. Ulimlipa nani kwa kuchuma mekundu tu?