Mwenza wa utamaduni mwingine akisema "hakuna shida", nielewe nini?

Jicho Pevu
Habari wakuu, naomba ushauri. Mimi na mwenzangu tumekulia tamaduni tofauti. Jambo likiniuma nalisema palepale. Yeye hunyamaza, nikimuuliza anajibu "hakuna shida", siku mbili baadaye kumbe shida ipo. Ananiona mkali, mimi naona ananificha. Tuanzie wapi?

Mwanakwetu
Mkuu, huenda hakufichi kitu. Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1976 kwamba kuna tamaduni ambazo sehemu kubwa ya ujumbe inabebwa na maneno, na nyingine ambazo sehemu kubwa iko nje ya maneno: nani kasema, kwa sauti gani, kaacha nini. "Hakuna shida" iliyosemwa polepole, macho yakiwa pembeni, kwake ni taarifa kamili. Wewe umeisikia kama ruhusa ya kuendelea.

Acha kuuliza "una tatizo?" Swali hilo linambana: akuvunjie heshima au aseme uongo. Mpe la kuchagua: "Tuende wiki hii au tusogeze mbele?" Akisema tusogeze, umeshajibiwa. Usimwandame na "kwa nini?" usiku uleule.

Bi Subira
Niongezee ukimya. Utafiti wa mwaka 2009 uliolinganisha lugha 10 ulikuta wasemaji wa Kijapani wakijibu swali karibu bila pengo, na wa Kidenmaki wakichukua wastani wa karibu nusu sekunde. Ni kidogo, lakini sikio linahesabu: aliyezoea kuwahi anadhani mwenzake hana jibu, anaongea tena, na mwenzake anakosa zamu. Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo hadi tano. Kurudia swali ndiko kunakomfanya ajifunge.

Kalamu Nzito
Mtego mwingine ni swali la kukanusha. "Hujakasirika?" Kwa Kiswahili, kama kwa Kijapani, "ndiyo" inakubali kauli: sijakasirika. Aliyezoea Kiingereza akijibu "ndiyo" hapo, maana yake amekasirika! Kwa meseji ndiyo balaa kabisa, maana hata sauti hakuna. Uliza bila ukanushi, na mwombe sentensi nzima.

Jicho Pevu
Asanteni sana. Na huu ukali wangu?

Mwanakwetu
Toa taarifa mapema: "Jioni naomba tuongee kuhusu ratiba." Jambo moja tu, na "siku zote wewe..." isiwepo. Mkipandisha hasira, pumzikeni dakika 20 au zaidi, maana mwili hautulii haraka, lakini taja saa ya kurudi. Ukiondoka bila kutaja, naye ataona umemsusa.

Bi Subira
Ila dada au kaka, usimezeshwe kila kitu kwa jina la utamaduni. Tazama ukimya unaanza lini na unakwisha lini. Kama hata kwa ndugu zake hunyamaza hivyohivyo, huo ni mtindo wake. Kama unaanza kila unapokataa jambo na kuisha ukikubali, hiyo ni adhabu. Hapo usihesabu hadi tano. Mwambie waziwazi kwamba hutabadili uamuzi kwa kununiwa.