Wahitimu tuchangie nini kwenye timu ya nyika na riadha ya chuo Marekani?

Mwanyika:
Wakuu, heshima mbele. Tuko wahitimu kama 30, wengi Wakenya na Watanzania, wa chuo kimoja cha Divisheni ya Kwanza ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Si chuo kikubwa, bajeti ya riadha ni ya kubana matumizi. Tunataka kuchangia timu ya nyika na ya uwanjani kwa mpangilio, siyo kila mtu kutuma dola 50 siku akiguswa. Kwa wanaoijua hii kazi kwa undani, naomba kujua:

Pesa inabana wapi hasa katika mwaka wa mashindano? Mabadiliko ya skolashipu ya 2025 yanatuhusu vipi? Mfuko wa kudumu au tuchange kila mwaka kitumike kiishe? Na je, tunaweza kumsaidia mkimbiaji moja kwa moja, mfano viatu, au tiketi ya kwenda nyumbani Desemba?

Nyika8000:
Mkuu, anza na kalenda, maana wahitimu wengi huchangia kwa kuangalia fainali, na fainali siyo penye shida.

Mwaka una misimu mitatu. Nyika ni kuanzia Septemba hadi Jumamosi ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba. Mbio za ndani ni Desemba hadi katikati ya Machi. Uwanja wa nje ni Machi hadi Juni. Mkimbiaji wa masafa marefu yumo kwenye yote mitatu, na haki yake ya kushindana huhesabiwa kivyake kwa kila msimu. Ndiyo maana unaweza kumkuta mtu amemaliza misimu yake ya nyika lakini bado ana msimu wa nje. Kocha anaweza kumpumzisha mmoja ili kumhifadhia mwaka.

Nyika inashindaniwa na watu saba kwa timu. Watano wa kwanza ndio wanaohesabiwa, nafasi zao zinajumlishwa, na jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Wa sita na wa saba hawaongezi kitu kwenye jumla ya timu yao, ila wakimpita mtu wa tano wa wapinzani wanamsukuma chini. Chukua mfano: timu moja ina nafasi 1, 2, 15, 40 na 62, jumla 120. Nyingine haina hata mtu kwenye kumi bora: 18, 21, 23, 27, 30, jumla 119. Imeshinda ya pili. Mkenya Edward Cheserek alichukua ubingwa wa taifa wa nyika 2013, 2014 na 2015 akiwa Oregon, lakini ubingwa wa timu ulikwenda Colorado mara mbili kisha Syracuse. Kwa hiyo mnaposoma matokeo, mtazameni wa tano wenu na pengo kati yake na wa kwanza. Jambo jingine: waliofika bila timu kamili huondolewa kabla ya kuhesabu pointi za timu, ndiyo maana hesabu ya mtu nyumbani huwa hailingani na karatasi rasmi.

Sasa pesa. Fainali ya taifa huchukua timu 31. Nchi imegawanywa kanda 9, mbili za juu kila kanda zinafuzu moja kwa moja, hizo ni 18. Zile 13 zilizobaki huchaguliwa kwa pointi za kushinda timu ambazo tayari zimeingia. Hapo ndipo penye siri. Timu yenu ikimaliza ya tatu au ya nne kwenye kanda, inaokolewa na timu ilizozishinda mwezi mmoja au miwili nyuma. Kama Septemba na Oktoba ilizunguka kwenye mashindano madogo ya jirani ikishinda kila wiki, ina makombe na haina pointi hata moja. Timu iliyokwenda mashindano yenye vigogo, kama Nuttycombe pale Madison, Wisconsin, ikamaliza ya 14 lakini ikaziacha nyuma timu tatu zitakazofuzu baadaye, ina mtaji.

Safari hiyo ndiyo kocha wa chuo kidogo huikata kwanza bajeti ikipungua: tiketi za ndege za wakimbiaji saba hadi tisa kwa kila jinsia, hoteli siku mbili, magari ya kukodi. Fainali yenyewe NCAA ina utaratibu wa kugharamia usafiri wa timu zilizofuzu. Kwa maoni yangu, dola ya Oktoba ina thamani kuliko dola tatu za Novemba.

Kwenye uwanja hali ni ileile kwa sura nyingine. Msimu wa ndani, fainali ni wanariadha 16 tu kwa kila tukio, kwa orodha ya muda wa nchi nzima. Nje, 48 bora wa mashariki na 48 bora wa magharibi huingia raundi ya kwanza mwishoni mwa Mei, na 12 wa kila upande wanakwenda fainali. Orodha inapangwa kwa muda, siyo kwa nafasi uliyoshika. Mkimbiaji wa 10,000m hawezi kupata muda huo mchana wa joto peke yake akiongoza mizunguko 25. Anauhitaji usiku wa baridi na watu thelathini wa uwezo wake, na usiku wa namna hiyo unapatikana California mwanzoni mwa msimu, Stanford au Mt. SAC. Mbio za 10,000m mtu hukimbia moja, labda mbili, kabla ya mashindano ya konferensi (kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja). Akikosa safari ile, msimu wake wa tukio hilo umeisha Aprili.

Viatu sitavisemea sana. Spaiki, yaani viatu vya misumari, huwa hazina shida, mikataba ya vifaa inazigusa. Kinachosahaulika ni misumari: nyika yenye matope inataka milimita 9 hadi 12, na viwanja vingi vya sintetiki haviruhusu zaidi ya 6. Timu iliyofika na misumari mirefu tu hupoteza asubuhi ikisaka duka.

MwekaHazina:
Nyika8000 kamaliza kalenda, nichukue pesa.

Skolashipu kwanza. Hadi mwaka wa masomo 2024–25, Divisheni ya Kwanza iliruhusu sawa na skolashipu kamili 12.6 kwa wanaume na 18 kwa wanawake, hizo zikiwa za nyika, ndani na nje kwa pamoja. Makocha walizikatakata: huyu nusu, yule robo. Makubaliano ya kesi ya House, wanamichezo walioishtaki NCAA, yaliidhinishwa na mahakama Juni 2025, na kuanzia 1 Julai 2025 vyuo vilivyoyakubali havina tena kikomo cha skolashipu. Badala yake kuna kikomo cha idadi ya watu: 17 kwa nyika na 45 kwa riadha, kila jinsia. Vyuo visivyojiunga vimebaki na vikomo vya zamani. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkurugenzi wa michezo ni moja: tumejiunga au hatukujiunga? Kama chuo kimejiunga, kinachozuia skolashipu ya 13 siyo kanuni tena, ni pesa. Hapo mchango wenu una uzito ambao miaka mitatu iliyopita haukuwa nao. Kama hakikujiunga na tayari kinatoa zote 12.6, mfuko wenu wa skolashipu utailipia tu bajeti kitu ilichokuwa inalipa, na timu haitaona tofauti. Katika hali hiyo elekezeni kwenye safari.

Mfuko wa kudumu au wa kutumia? Pigeni hesabu. Watu 30, dola 30 kwa mwezi, miaka mitano: dola 54,000. Ukiwa mfuko wa kudumu, mtaji unawekezwa, na vyuo vingi hutoa kati ya asilimia 4 na 5 kwa mwaka. Kwa asilimia 4 hizo ni dola 2,160, na mara nyingi hazianzi kutoka mpaka mfuko ufike kima cha chini na ukae muda fulani. Ukiwa mfuko wa kutumia, ni dola 10,800 kila mwaka, kuanzia mwaka huu. Wa kwanza haufi, wa pili unafanya kazi leo. Kwa kundi jipya ningeanza na wa kutumia misimu miwili au mitatu, watu wazoee makato, ndipo nigeuze theluthi moja kuwa ya kudumu. Makundi mengi yanaanza na mfuko wa kudumu kwa sababu una jina zuri, ahadi zinakatika mwaka wa pili, na pesa inakwama chini ya kima haitoi hata senti.

Mambo yanayoharibika kila mara:

Hundi imeandikwa "kwa riadha" bila jina na namba ya mfuko. Inaingia mfuko wa jumla wa idara ya michezo. Ombeni namba ya mfuko wa nyika na riadha, muiandike kwenye kila malipo.

Mtu mmoja anakusanya kwenye akaunti yake binafsi kisha anatuma kwa mkupuo. Risiti inatoka kwa jina lake, wengine 29 hawana ushahidi wa kodi. Kwa mchango wa dola 250 na kuendelea sheria ya kodi ya Marekani inataka barua ya taasisi yenyewe. Kila mtu alipe mwenyewe kwenye ukurasa wa chuo. Walioko Nairobi au Arusha punguzo la kodi la Marekani kwa kawaida haliwagusi, lakini walipe kwa njia hiyohiyo, kumbukumbu zikae pamoja.

Na wanaofanya kazi kwenye kampuni kubwa wasisahau kuuliza kama mwajiri huongeza mchango dola kwa dola. Fomu ni dakika kumi, na ina tarehe ya mwisho.

KanuniKwanza:
Swali la mwisho la mleta mada ndilo litakalowatia matatani, kwa hiyo nijibu wazi: hapana. Msinunue viatu, msinunue tiketi, msikopeshe, msimlipie kodi ya nyumba.

Ukishachangia timu, kanuni za NCAA zinakuhesabu kuwa mfadhili wa michezo ya chuo hicho, na hadhi hiyo haina kustaafu. Kumpa mwanamichezo kitu ambacho wanafunzi wengine hawapati kwa sababu ya michezo ni manufaa yasiyoruhusiwa. Anayeumia ni yeye: anasimamishwa hadi suala lichunguzwe, na huenda siku hizo ndizo za mashindano ya konferensi. Chakula cha mara mojamoja nyumbani kwa mfadhili kinaruhusiwa kwa masharti, lakini piga simu kwanza ofisi ya chuo inayosimamia kanuni. Piga kabla, siyo baada.

Kutafuta vijana nyumbani ndiyo mtego mkubwa zaidi kwetu. Umemwona binti Iten anakimbia vizuri, mtumie kocha jina na matokeo yake, uishie hapo. Usimpigie binti kumshawishi, usimlipie mtihani wa Kiingereza, usimlipie viza.

Mwanyika:
Asanteni sana, hapa pameeleweka. Mawili tu: je, tunaweza kuchangia tukisema pesa hii ni ya mkimbiaji fulani kutoka kwetu? Na biashara ya jina na sura, ile NIL, mmoja wetu ana duka la mtandaoni na anataka kumlipa mkimbiaji atangaze.

KanuniKwanza:
Kumtaja mtu hapana, na hata upande wa kodi mchango uliotengewa mwanafunzi mmoja hauhesabiki kuwa sadaka. Mnaweza kuandika vigezo: mkimbiaji wa masafa marefu, mwenye uhitaji, wastani wa alama fulani. Chuo kinachagua. Tukirudi kwenye tiketi ya Desemba: kuna fedha za NCAA za msaada kwa wanamichezo zinazopitia konferensi, na mwanafunzi mwenyewe huomba kupitia idara yake. Mwambieni aulize.

NIL inaruhusiwa na kanuni za michezo. Mkataba wa dola 600 au zaidi na mtu wa nje lazima uripotiwe, na ukitoka kwa mfadhili unapimwa kama ni biashara ya kweli kwa bei ya kweli. Lakini mkimbiaji wenu ana viza ya F-1, ya mwanafunzi. Kutangaza bidhaa akiwa ndani ya Marekani kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi isiyoruhusiwa, na hapo hapotezi msimu, anapoteza haki ya kukaa nchini. Mwenye duka atafute Mmarekani wa timu hiyohiyo.

Halafu Title IX, sheria ya Marekani ya usawa wa jinsia katika elimu. Mkichangia timu ya wanaume peke yake, chuo bado kinalazimika kusawazisha huduma kwa wanawake, na "ni pesa ya wahitimu" haikubaliki kama utetezi. Mfuko uandikwe wa timu zote mbili tangu mwanzo.

Spaiki9mm:
Naongeza la mikono, maana wote mmezungumzia dola. Chuo kikiandaa mbio za nyika nyumbani, kinahitaji watu kuliko pesa. Njia ya kilomita 8 yenye mizunguko inataka mtu kila kona na kila penye njia panda, saa mbili kabla ya mbio ya kwanza. Bendera: nyekundu kata kushoto, njano kata kulia, buluu nenda moja kwa moja. Upepo ukiangusha moja, kundi zima linapotea, na matokeo yaliyobishaniwa hayamfai mtu kwenye kuchaguliwa.

Kwenye mstari wa mwisho wekeni watu wawili na kamera inayotazama mstari kwa pembeni. Chipu za kupimia muda huwa kwenye namba au kiatu, lakini nafasi inaamuliwa na kiwiliwili. Wakiingia watano kwa sekunde moja, chipu inaweza kuwapanga vibaya, na mmeona hapo juu pointi moja ilivyotenganisha 119 na 120. Mwandikieni kocha mapema mwezi Julai mkiwa na orodha ya watu watakaofika. Agosti timu ikishaanza mazoezi hana muda wa kusoma barua pepe ndefu.