Gemu la RPG (la kuigiza mhusika na kumkuza uwezo) la kawaida tu, nalichezaje ili nilifaidi?

mpenda_mapango:
Wakuu habari zenu. Nipo na Kingdoms of Amalur: Re-Reckoning, lile la 2012 lililorudishwa upya 2020. Sio baya ila ndo hivyo, la kawaida. Kupigana ni kutamu kwelikweli, lakini kila kijiji nikiingia watu kibao wana alama ya mshangao kichwani, huyu anataka nimletee mimea, yule nikamuulie mbwa mwitu, na mimi nazibeba zote, matokeo yake stori kuu hata sikumbuki ilikuwa inaenda wapi na maadui nao wameshakuwa laini. Kuliacha sitaki, napenda mno mapigano yake. Nyie magemu ya namna hii mnayachezaje?

kisu_na_ngao:
Mkuu acha kubeba kila misheni. Fungua orodha yako uangalie, zimegawanywa, kuna za stori kuu, za vikundi, za pembeni, halafu kuna vile vikazi vidogovidogo. Hivyo vikazi achana navyo kabisa, havina stori ndani yake, vimewekwa kujaza mapu. Fuata vikundi. Anza na House of Ballads, wale Fae, viumbe wa kichawi wasiokufa, ambao wanarudia kuigiza tenzi zao za kale kizazi hadi kizazi, na wewe unapewa nafasi ya shujaa kwenye utenzi, halafu mambo yanaanza kwenda tofauti na yalivyotungwa toka zamani. Pale waandishi walituliza akili. Ukimaliza hiyo nenda kwa Travelers, wale wezi, usiguse kitu kingine katikati. Gemu la kawaida mara nyingi lina gemu zuri limefichwa ndani, shida limefunikwa na vitu vingi, kazi yako ni kulichimbua.

Bi_Mkuki:
Nakubaliana na aliyenitangulia ila kwa kuwa umesema unapenda kupigana mi ningeanzia hapohapo. Unajua kuna wale wasuka hatima, Fateweaver, unawalipa dhahabu ya humohumo kwenye gemu wanakurudishia pointi zote za uwezo unazigawa upya? Watu wengi wanamaliza gemu zima na upanga mmoja na hawajawahi kwenda kwao. Ukishaanza kuzoea mtindo mmoja, badilisha. Weka pointi za kutosha kwenye uchawi, chukua chakram, zile duara za makali unazirusha zinachora mzunguko zinakurudia, na ukichagua hatima ya kichawi, yaani aina ya mpiganaji unayotaka kuwa, hata kule kubingirika kukwepa kunageuka, unapotea hapa unaibukia pale. Adui uleule uliyemchoka jana leo anakuwa mwingine kabisa, maana umbali unaosimama umebadilika, muda wa kukwepa umebadilika, kila kitu. Mimi raha yangu yote ya gemu hili iko hapo na wala sijutii.

Tanuru:
Kuhusu maadui kuwa laini, panda kwenye ugumu wa juu kabisa, Very Hard, imeongezwa kwenye toleo hili la 2020, zamani haikuwepo. Na uhunzi uache. Silaha za kujitengenezea zinakuwa na nguvu kupita kiasi ukishapandisha hiyo skili, vita vinakuwa havina maana tena. Vaa unachookota tu.

kisu_na_ngao:
@Tanuru kwenye ugumu sawa ila uhunzi sikubali, kuna watu raha yao ni kutengeneza vitu, akiachishwa hicho anabaki na nini? Kama ni mtu wa kupigana kama mleta mada basi sawa aache.

Tanuru:
Ndo nimemjibu mleta mada, yeye kasema mapigano.

msomaji_wa_mawe:
Mmesahau Lorestones jamani. Yale mawe yaliyotawanyika njiani, ukiligusa linakusimulia kipande cha hadithi kwa sauti, na ukikamilisha seti unapata nyongeza ya uwezo. Historia ya ule ulimwengu aliiandika R. A. Salvatore, mtunzi wa riwaya, kwa hiyo kuna kina kikubwa kuliko kinachoonekana kwenye misheni. Nikiliona jiwe nasimama, nasikiliza mpaka mwisho bila kukimbilia mbele, ndo naendelea. Hii inasaidia sana sehemu ambazo kutembea kunachosha.

mpenda_mapango:
Asanteni sana wakuu. Wasuka hatima nilikuwa nawapita tu nikijua ni wa stori. Naanza na House of Ballads nikiwa na chakram, na ugumu napandisha. Swali dogo @Bi_Mkuki, chakram na nini kwenye nafasi ya silaha ya pili?

Bi_Mkuki:
Fimbo ya uchawi, ile ndefu, staff. Chakram za kukaa mbali na kundi, fimbo wakikuzunguka. Ila jaribu na faeblades pia, yale makali mawili ya kushika mikononi, ni za haraka sana, ukiona hazikukai unarudi kwa msuka hatima.

Tanuru:
Na beba dawa za kutosha, Very Hard haina huruma.